Kijiwe cha Saa ya Nesi Kabula

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa mbili asubuhi nimeshafungua. Simu tatu za kuchaji na saa ya ukutani ya kanisa. Hakuna kingine. Zamani, pamba ikishauzwa, watu walijaa barazani na saa mpya mikononi, wananitaka nipunguze mikanda. Siku hizi mtu akitaka kujua saa anatazama simu. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Nesi Kabula, mstaafu wa hospitali, alikuja kunywa chai. Salamu yake ya Kisukuma huanzia barabarani. "Mwangaluka!" Anasimama, anangoja. Najibu. Anauliza nimelalaje, mgongo umelalaje, paka amelalaje. Nisipojibu yote haingii. Nimekaa Bariadi miaka thelathini na tisa na bado ananiita Mrundi. Amejiamulia mwenyewe kwamba watu wake na watu wangu ni watani. Sijakutana na mzee yeyote wa kuthibitisha.

Nimempa chai kwenye chupa ya jamu. Amelalamika. Kikombe kilichopo nje ni kimoja. Cha pili kimo kwenye mfuko chini ya kitanda, pamoja na blanketi, shati na jembe lisilo na mpini. Mfuko ule umefungwa tangu nilipotoka kambi ya wakimbizi. Kwetu niliondoka bila kikombe. Kosa hilo sitalirudia.

Tukiwa tunakunywa, mwanangu Onesmo akapiga simu kutoka Dodoma. Anakuja na gari Jumapili ya tarehe tatu kunichukua. Moja kwa moja. Chumba kiko tayari, kina feni. Mwezi wa nane aliniona nikimimina chai pembeni ya kikombe, na tangu siku hiyo hana raha. Nikamwambia mikono yangu ni mizima. Akasema, "Baba, mezani palikuwa na ziwa."

Nesi akaninyang'anya simu. "Onesmo mwanangu, saa yangu ya kazi imekufa. Babako akiifufua kabla hujafika, anabaki hapa. Ikimshinda, mizigo yake nitafunga mimi mwenyewe."

Onesmo alicheka akakubali. Mimi sikuulizwa. Maishani nimehamishwa mara mbili, na mara zote mbili sikuulizwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeifungua saa ya Nesi. Ni ile ya manesi ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe aisome bila kuishika. Alipewa alipomaliza chuo. Amehesabia mapigo ya nusu ya mkoa huu.

Ugonjwa nimeuona mara moja. Ndani kuna gurudumu dogo linalokwenda mbele na nyuma, na chini yake kijiwe chekundu cha rubi kinachosukuma saa nzima. Kijiwe kimebanduka. Kilikuwa kinazurura ndani ya kasha kama ng'ombe aliyekata kamba. Kazi ni kukiokota, kukisimamisha kwenye tundu lake na kukishikiza kwa tone la lakiri ya moto.

Ukubwa wake: chembe moja ya ulezi ukiigawa mara nne, basi robo moja.

Kibano hakifai. Ukikibana, kinaruka, na huwezi kujua kimeangukia wilaya gani. Mhindi aliyenifundisha kazi Tabora alitumia mwiba wa nungunungu. Unaupitisha pembeni mwa pua upate mafuta kidogo, unagusa kijiwe, kinang'ang'ania. Alikuwa akisema pua yake ndiyo kifaa ghali kuliko vyote dukani. Ilikuwa pua kubwa kweli.

Nimekiokota mara ya kwanza. Nikafurahi. Halafu kikakataa kutoka. Nimetikisa, nimegonga, nimebembeleza. Kitu kikishakuwa kidogo hivyo hakijui tena kama kina uzito. Hakianguki. Kinatii unyevu, mafuta na ule umeme unaolia ukivua sweta, basi. Kushika hakuna kazi. Kuachia ndiko kuna kazi. Saa nne nzima nimekuwa na kijiwe kwenye ncha ya mwiba na sina pa kukiweka.

Chai ya mchana nimeimwaga. Paka ndiye shahidi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nilikaribia. Mwiba nimeufuta vizuri, nimebakiza mafuta ya kunusa tu. Lakiri imeyeyuka, inanata kuliko mwiba. Hiyo ndiyo siri: kule kitu kinakokwenda kunate kuliko kule kinakotoka, nacho kitahama chenyewe. Lenzi jichoni. Pumzi nimeizuia. Kijiwe kimebakiza unene wa unywele kufika.

"Mwangaluka!"

Nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, miaka thelathini na tisa imeuzoeza. Pumzi ya "mwa" ikakipeperusha kijiwe.

Kwa saa mbili nzima nimepiga magoti nikipapasa sakafu kwa kidole kilicholowa mate. Nesi alisimama mlangoni akinieleza habari za mbuzi wa shemeji yake. Nimekikuta kwenye ukingo wa sahani, sentimita nne tu kutoka kilipokuwa. Nimezeeka.

Nimeamua: kesho nikiwa na mwiba mkononi sijibu salamu ya mtu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sikujibu.

Nesi aliita mara tatu. Ya tatu ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa nimeinama, pumzi imefungwa, kijiwe kinaning'inia. Nikamwona kwa pembe ya jicho lisilo na lenzi. Aliliweka bakuli la michembe ya viazi chini, akalitazama, akalichukua tena, akaondoka nalo.

Kijiwe hakikutoka kwenye mwiba. Michembe sikupata. Siku mbovu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Habari zimeenea. Wanasema Mzee Silveri, yaani mimi, hajibu salamu. Kwa kuwa anahamia Dodoma, sisi si watu tena. Mjini hapa mtu anaweza kusamehewa mengi. Akuibie hata baiskeli, akija kesho akakusalimia vizuri, mtazungumza. Lakini kunyamazia salamu ni kumwambia mtu kwamba humwoni.

Katekista alikuja kunipa pole, hakusema ya nini. Muuza mitumba wa jirani naye akachungulia. Wote wawili walinikuta na mwiba wa nungunungu puani. Hilo nalo limeenea.

Alasiri akaja mtu kutoka Bukundi, amebeba jogoo. Alichuchumaa nje, akapiga makofi taratibu. "Mwadila, guku." Mwadila ni salamu ya mchana, guku ni babu. Sikuwa na kitu mkononi, nikaitikia kwa sauti mpaka jogoo akashtuka. Amesikia kuna mzee asiyesema na watu, anayejipaka dawa puani kwa mwiba. Ng'ombe wake wawili wamepotea. Nimwangalizie wameelekea wapi.

Nikamweleza kwamba mimi ni fundi saa, si mganga. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayekubali kufichwa. "Sawa, guku. Basi angalia hata kwenye hiyo saa."

Nikamwambia aulize maji yaliko, kiangazi hiki ng'ombe hawaendi mbali na maji. Alishukuru sana. "Wabeja, wabeja." Jogoo nimekataa. Ameniachia.

Nesi hakuja. Nimekunywa chai peke yangu. Kikombe kimoja kilitosha kabisa, na sikupenda.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda kanisani. Sitaki kusalimiwa na kupimwa.

Zimebaki siku saba. Nimewaza Dodoma. Onesmo ni mtoto mwema na mkewe ni mwema zaidi. Chumba kina feni. Lakini kule nitakuwa mgeni wa mwanangu, na nimeshakuwa mgeni wa serikali, wa kanisa, na wa mashirika yenye magari meupe. Mke wangu, Leokadia, nimemzika hapa. Hapa ninajua nani anakohoa njiani kabla sijamwona. Mtu hajengi masikio hayo mara mbili.

Sitaki kwenda. Nimeliandika, basi nilisome kila asubuhi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Balaa.

Asubuhi kulikuwa na upepo mkavu, vumbi mpaka kwenye meno. Nilivaa shati jipya alilonitumia Onesmo, la nailoni, la kung'aa. Linalia ukilivaa. Ningejua. Nimeokota kijiwe, nimekisogeza mbele ya kifua, na kijiwe kikaondoka kwenye mwiba kama kimeitwa jina. Sikukiona kilikokwenda.

Nimefagia. Nimechekecha vumbi kwa chujio la chai. Nimempekua paka. Hakuna.

Saa tano nikapanda basi kwenda Dutwa. Fundi mwenzangu kule ana debe la saa zilizokufa. Tulichakura debe zima na hakuna kijiwe kinachoingia. Akaniuliza, "Silveri, kwa nini usimnunulie tu saa mpya?" Nikamweleza mkataba. Akacheka mpaka akatoa lenzi. Halafu akairudisha, akasema Dodoma kuna joto kavu, kwa kifua changu si mbaya. Nikaondoka.

Nimeshuka saa kumi. Nesi Kabula alikuwa barazani kwangu, mikono kiunoni. Hakusalimia. Amekuja kuchukua saa yake.

"Nipe hivyo hivyo ilivyo. Mizigo yako jifungie mwenyewe, mimi namfungia mtu anayenijibu."

Kumwambia nimepoteza kijiwe kulikuwa kubaya kuliko kunyamaza. Nikasimama tu pale juani, nimemezwa na shati langu linalong'aa. Naye akaacha kufoka. Akanyoosha shingo. Akanikazia macho kwenye ukosi kama alivyokuwa akiwakazia macho watoto wa shule.

"Mrundi, una chawa."

"Sina."

"Unaye. Mwekundu."

Kabla sijashika mkono wake ameshalamba kidole gumba na ameshagandamiza. Akakitazama. Akanitazama. Kijiwe cha saa yake kilikuwa kwenye kidole chake. Kilikwenda Dutwa na kurudi kwenye ukosi wangu, kimepita stendi, kimeegemea mabega ya watu, na hakikuanguka. Shati la nailoni ni shati baya lakini linashika.

Nikamwambia asiseme. Asipumue juu yake. Asishushe mkono. Mate yakikauka upepo utakichukua. Akatii. Sijawahi kumwona Nesi Kabula akitii.

Nikaingia ndani kuchukua mwiba na sahani. Wakati huo huo wakapita wanawake watatu wa kwaya wakitoka mazoezini. Niliwasikia.

"Mwadila, mama!"

Kimya.

"Mama Nesi, mwadila!"

Kimya. Nilichungulia. Alisimama wima, dole gumba juu, mashavu yamejaa hewa, machozi yanamtoka. Walimwita mara ya tatu, ile ya upole. Kisha wakaondoka, na mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Kumbe ugonjwa unaambukiza."

Kijiwe kikaingia kwenye sahani. Nikafunika kwa glasi. Nesi akaachia pumzi. Alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

Nikampa chai kwenye chupa ya jamu. Alikunywa yote.

Jumatano, 30 Oktoba

Nesi ameipitia kwaya nyumba kwa nyumba kueleza. Sijui ameeleza nini, maana sasa watu wanakuja kunitazama.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu. Kipande cha kitenge chekundu kikining'inia mlangoni, fundi ana kitu kwenye mwiba, msisalimie. Nesi ndiye aliyekitundika, naye ndiye mlinzi. Nilidhani watapita zao. Hawapiti. Huku mtu hawezi kupita mlango wa mtu bila kusalimia, na kusalimia kumekatazwa, kwa hiyo wanachuchumaa nje kungoja. Leo walifika sita. Nilipotundua kitenge wakanisalimia wote, mmoja mmoja, kila mtu na jina la ukoo wake. Imechukua muda kuliko kazi yenyewe.

Kazi yenyewe bado. Mkono unatetemeka. Nimelisema. Kijiwe kinafika juu ya tundu na mkono unakipitisha, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nesi alikaa pembeni akiutazama mkono wangu. Alikuwa na uso wa wodini.

Alasiri mvua ya kwanza. Fupi, harufu nyingi. Vumbi limelala. Shati la nailoni nimemtandikia jogoo alalie.

Ijumaa, 1 Novemba

Nitaandika polepole, niliweke sawasawa.

Hewa ilikuwa na unyevu, kijiwe kimetulia, hakirukiruki. Kitenge mlangoni. Nje watu tisa wamechuchumaa, pamoja na yule wa Bukundi. Ng'ombe wake amewaona karibu na bwawa, amekuja kushukuru, naye akafundishwa kunyamaza.

Lakiri tayari. Lenzi jichoni. Mkono unatetemeka.

Nesi akavuta kigoda nyuma yangu. Akaniwekea vidole viwili shingoni, chini ya taya, pale anaposhika wagonjwa. Sikuruka kwa sababu nilikuwa nimezuia pumzi. Akasema taratibu kwamba mkono wangu hautetemeki ovyo, amenitazama tangu juzi. Unaruka na moyo. Kati ya pigo na pigo upo mwanya. Amewachoma sindano watoto wachanga miaka mingi, mishipa myembamba kama uzi, na aliingia kwenye mwanya huo huo.

"Nitahesabu. Ukinisikia nasema sasa, weka."

"Usiseme kwa nguvu."

"Mrundi, nyamaza."

Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Sikusikia watu, sikusikia barabara. Kijiwe kilikuwa kikubwa kama tofali chini ya lenzi, chekundu, kinang'aa. Kiliinama. Kikasimama. Saba. Nane.

"Sasa."

Niliweka. Lakiri ikakishika. Mwiba ulirudi mtupu.

Sikuamini. Nilitazama ncha ya mwiba kwa lenzi mara tatu nikikitafuta. Hakipo. Kimebaki kule kinakotakiwa.

Nesi hakuondoa vidole mara moja. Alisema mapigo yangu yamepanda, anataka kuona yakishuka. Yalichelewa kushuka.

Alipotundua kitenge, wote tisa walikuwa wameona mstaafu wa hospitali akimshika shingo fundi saa kwa dakika nzima. Salamu za leo zilikuwa na vicheko katikati. Mama mmoja wa kwaya akauliza huo nao ni ugonjwa gani. Nesi akamjibu, "Wako ndio hautibiki."

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeunganisha saa yote. Nimejaza funguo. Imekwenda saa moja ikasimama. Nikakata tamaa kwa dakika tano, kwa saa ya ukutani ya kanisa. Ulikuwa uzi wa nailoni, mmoja, umenata kwenye gurudumu. Wa lile shati. Nimeutoa. Inakwenda.

Inakimbia dakika mbili kwa siku. Sitaigusa tena.

Jumapili, 3 Novemba

Onesmo alifika saa sita, gari limejaa vumbi mpaka kioo cha nyuma. Alikuwa ameleta maboksi matatu matupu. Aliyaacha ndani ya gari, hilo nimelishukuru.

Nesi alivaa gauni jeupe, saa kifuani. Hakumwonyesha Onesmo. Alimshika mkono kama anamsalimia, akamgeuza kiganja, akainamisha kichwa kuitazama saa yake. Dakika nzima. Saa ilisikika ikipiga.

"Tisini na nne," akasema. "Umeketi kwenye gari tu. Mgonjwa ni wewe."

Onesmo akanitazama. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa namimina chai na ziwa lilikuwepo mezani, sikujaribu kulificha. Aliuliza nimewezaje. Nikamwambia kuna mwanya kati ya pigo na pigo. Hakuelewa, ila alivuta kitambaa akapangusa meza mwenyewe, akasema, "Basi, Baba." Halafu akasema atakuja kila mwezi, na kwamba nitajaziwa maji moto kwenye chupa yenye mfuniko wa kubonyeza, hilo halina mjadala. Nimekubali. Mtu lazima aachie mahali fulani.

Tulimchinja jogoo wa Bukundi. Alikuwa mgumu.

Jumatatu, 4 Novemba

Onesmo ameondoka alfajiri na maboksi yake.

Nimefagia baraza. Simu mbili za kuchaji. Mvua imenyesha tena, watu wanakwenda shambani na majembe. Wanasalimia, najibu. Sina kitu kwenye mwiba.

Nimeuvuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Fundo lilikuwa limekaza, nimelifungua kwa kibano. Blanketi limeliwa na nondo. Jembe bado zuri, nitalitafutia mpini. Kikombe ni cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni. Nimekiosha kwa majivu mara mbili. Nimekiweka mezani karibu na kile kingine.

Saa mbili na dakika kumi. Ya Nesi itasema na dakika kumi na mbili.

"Mwangaluka!"

Nimejibu yote. Mgongo, paka, kila kitu.